Ukanda Ambao Haukusuguliwa

"Hiyo namba ni ya bomba zima, au ni ya pale ulipoligusa tu?"

Mzee aliniuliza hivyo akiwa kwenye kigoda chake, msasa mkononi, bila hata kuinua uso. Nilikuwa na shahada ya uhandisi, kifaa cha kupimia kilichokuja ndani ya sanduku lenye sponji, na daftari lenye safu tatu za namba zilizopangwa vizuri kwa kalamu ya bluu. Nikaanza kumtajia viwango vya kimataifa, ambavyo hakuviuliza.

Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa aibu ya aina yake. Nyumbani kwetu Segerea nilijulikana kwa maswali. Nilihoji kwa nini tunachemsha maji halafu tunayamimina kwenye ndoo isiyooshwa. Nilimuuliza mwalimu wa dini swali moja, akaja nyumbani kuzungumza na mama. Chuoni nilimwambia mhadhiri kwamba kitu alichokichora ubaoni kingeanguka kama kingejengwa, na kweli kingeanguka, ila alama zangu hazikupanda kwa sababu hiyo. "Wewe," mama alikuwa akisema, "utakuja kumdai mkweo cheti cha kuzaliwa." Nilitilia shaka kila kitu, isipokuwa namba. Namba nilizichukua kama zilivyotoka.

Karakana ilikuwa Vingunguti, upande ambao upepo ukigeuka unajua bila kuambiwa kwamba machinjio hayako mbali. Mwenyewe alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapahapa mjini, kama baba yake. Babu yao alianza kwa kutengeneza baiskeli, baba akaleta mashine za kukereza vyuma, naye akaongeza tamaa ya kila kitu kipya. Wakati wa Muharram alivaa nyeusi na kupunguza sauti, miezi mingine yote alisikika mpaka barabarani. Aliniajiri baada ya mimi kukaa nyumbani mwaka mzima na vyeti vyangu, na sababu aliitaja siku ya kwanza.

"Sitaki mtu wa kuniambia chuma kimeng'aa," alisema. "Hata mie nina macho. Nataka mtu wa kuniandikia karatasi."

Karatasi ilihusu mabomba sita. Kiwanda kimoja cha soseji nje ya mji kilikuwa na mashine nzee ambayo walioitengeneza walikuwa wameacha kutoa vipuri vyake. Kwa hiyo mabomba ya kujazia soseji, yale ambayo nyama iliyosagwa hupitia kuingia kwenye utumbo, wakaagiza yachapwe kwa chuma cha stenlesi huko nje ya nchi. Kuchapwa kweli: unga laini wa chuma unatandazwa, mwale wa leza unayeyusha umbo, unatandazwa unga mwingine juu yake, mwale tena, tabaka juu ya tabaka mpaka bomba lisimame. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo chuoni kwenye picha. Mkononi lilikuwa kitu kingine. Bomba lilikuwa na umbo kamili, lakini uso wake uliparuza kama ulimi wa paka, na ukiliinamisha kwenye mwanga uliona chembe za unga zilizoshikilia pembeni kama sukari kwenye kashata.

Nyama haitaki uso wa namna hiyo. Mafuta yananasa kwenye vibonde, maji ya kuoshea hayafiki, kesho yake ni uvundo. Kiwanda kilitaka mabomba yasuguliwe ndani na nje mpaka kifaa changu kisome chini ya sufuri nukta nane, na tuwaandikie jinsi uso ulivyobadilika hatua kwa hatua kuanzia siku ya kwanza. Tukifaulu, mabomba yao yote yatakayofuata yangekuja kwetu.

Hapo ndipo bosi alipoleta pipa. Lilikuwa mashine iliyotumika, pana kama sufuria la pilau la harusi, limejaa vijiwe vya pembetatu na maji ya sabuni. Unatumbukiza kifaa, linatikisika kwa kelele ya mvua ya mawe juu ya bati, na vijiwe vinakisugua. Halichoki wala haliombi ruhusa ya msiba.

"Matatu kwenye pipa, matatu kwa mzee," alitangaza mbele yetu sote. "Huyu binti atapima. Pipa likishinda, mzee utahamia getini. Sikufukuzi, tumekaa miaka mingi. Lakini kazi ya kusugua itakuwa ya pipa."

Mzee akacheka. "Getini kuna kivuli, bosi. Ila nani humu ndani atakukatalia kazi mbovu?"

Alicheka, lakini nilimwona akiukunja msasa, akiukunjua, akiukunja tena palepale. Alikuwa mtu wa Newala. Alikuja mjini kijana, akachonga mpingo miaka mingi na kuuza kwa wageni wa mahoteli ya Mbezi Beach. Wanunuzi walipopungua ndipo akaingia kwenye vyuma. Alisema mpingo na stenlesi ni ndugu wa baba mmoja, vyote vinakula makali ya vifaa. Mtu aliyesugua maisha yake yote, ukimpeleka getini kufungua na kufunga, hujamfukuza kweli. Sijui umemfanya nini.

Kifaa changu kilikuwa na sindano yenye ncha ambayo jicho haliioni vizuri. Unaiweka juu ya chuma, inatembea mwendo kama wa punje ya mchele, ikipanda vilima na kushuka mabonde, kisha inatoa namba moja, kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Uso ukiparuza sana namba inakuwa kubwa. Siku ya kwanza mabomba yote yalisoma kwenye kumi na mbili. Ya pipa yakashuka kwenda saba, tatu, mbili. Ya mzee yakashuka haraka zaidi: bomba lake la kwanza lilikwenda nne, likaenda moja. Nikaanza kumsherehekea kimoyomoyo, ingawa najua mpimaji hatakiwi kuwa na timu.

Jumatatu, baada ya yeye kulisugua siku nzima, nikaweka sindano. Mbili.

Nikarudia. Mbili na kidogo.

"Imepanda," nikasema.

"Nini imepanda?"

"Namba, mzee. Jumamosi ilikuwa moja, leo mbili."

Bosi alikuwa na masikio ya kusikia namba kutoka ofisini. Akaja, akainama juu ya daftari. "Yaani mzee umesugua kutwa nzima ukaongeza ubovu?"

"Bomba halijaenda popote, bosi. Hili hapa, pitisha kidole."

"Kidole hakiandiki karatasi."

"Basi kinachoandika kijibu." Ndipo akanigeukia na lile swali: namba ni ya bomba zima, au ni ya pale nilipoligusa tu?

Nikasema kitu kuhusu viwango vya kimataifa. Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza tangazo la dawa. Bosi akasema mkaguzi wa kiwanda atakuja Ijumaa ya wiki iliyofuata, na kwamba yeye keshaona anachohitaji kuona.

Nilirudi Segerea nimekasirika, na kilichoniudhi ni kwamba swali lilikuwa zuri. Lilikuwa la aina yangu. Ningekuwa mimi nimemuuliza mtu mwingine, ningefurahi wiki nzima.

Kesho yake niliwahi kufika. Nikachukua bomba moja la pipa, lile lililosoma mbili, nikalipima mahali kumi badala ya mahali pamoja. Nikapata majibu kumi. Tumboni kwa nje lilikuwa mbili kweli. Karibu na kitako, tatu na nusu. Nikaingiza sindano ndani ya koo la bomba, kule nyama inakopita, nikapata kumi na moja. Vijiwe havikuwa vimeingia humo hata kidogo. Siku zote nilikuwa napima tumboni kwa sababu pale ndipo bomba lilipotulia vizuri mezani. Sindano ilikuwa inasema kweli kuhusu sehemu ninayoipenda, na mimi nikaiandika kama kweli ya bomba zima. Pipa lilikuwa linashinda kwa upendeleo wangu.

Nikaenda kwenye kigoda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na namba au na salamu tupu?"

"Nimekuja na kosa."

"Hilo linakaa. Vuta ndoo ukae."

Nikamweleza. Nikamwambia pia tatizo lililobaki: hata nikiamua kupima mahali pengi, kesho siwezi kurudi palepale. Bomba ni duara. Likigeuka kidogo tu, niko kwenye uso mwingine, nalinganisha jana ya huku na leo ya kule.

Mzee akachukua bomba lake, akaliweka mbele ya pua yangu. Kwenye ukingo wa kitako, kwa nje, mahali panapofungwa kwenye mashine, kulikuwa na ukanda mwembamba usio na upana wa ukucha ambao haukuguswa na msasa. Ulikuwa bado na sukari yake.

"Na hapa je?"

"Hapo najua," nikasema. "Ni yote matatu. Nimeshaandika."

"Umeandika nini?"

Nikamwonyesha daftari. Mbele ya kila bomba lake nilikuwa nimeandika: *ukingoni hapajamalizika.*

Alicheka mpaka akavua miwani. "Loo! Umenitoa kasoro pale nilipoacha makusudi! Wewe mtoto ungekuwa polisi ungemkamata aliyeibiwa." Akafuta macho. "Kwenye mpingo mie sichongi pote. Mpingo kwa nje una ganda jeupe, si unajua? Nilikuwa naacha kipande kisiginoni mwa sanamu. Ndo kawaida yangu. Ukishaondoa pote, utajuaje umeanzia wapi?"

Nikabaki naukodolea macho ule ukanda. Chuoni tungeliita jina refu jambo hilo na kulipa sura nzima kwenye kitabu. Uso wa siku ya kwanza ulikuwa pale, haukuguswa, kando kabisa ya uso wa leo. Kwa mikromita, kile kifaa cha kupimia unene, ningeweza kupima ukanda umebaki juu kiasi gani kuliko sehemu iliyosuguliwa, nikajua hasa chuma kiasi gani kimeondoka. Na kama ukanda ungewekwa mahali pamoja kila siku, bomba lisingeweza kunigeukia tena.

"Mzee, unaweza kunichongea kitu cha kulilaza? Kiwe na nafasi ambayo ukanda tu ndio unaingia. Bomba likiwekwa vibaya likatae kukaa."

"Unataka kitanda chenye wivu."

"Eeh. Kitanda chenye wivu."

Akaokota kipande cha mninga kilichobaki mlango wa mtu ulipotengenezwa. Sikuwahi kumwona akichonga mbao. Mikono iliyokuwa ikisugua chuma kwa subira ya kuchosha ilibadilika, ikawa myepesi, inatupa mabanzi pembeni bila kuangalia. Kabla ya adhana ya adhuhuri kitanda kilikuwa tayari. Bomba lilikaa kwa namna moja tu. Nikachora mistari mitatu kwa makapeni, ile kalamu ya wino mzito, kwenye mbao, sindano isimamie hapo na si pengine.

Tukaanza upya na bomba lake la pili, ambalo lilikuwa bado kwenye nne. Anasugua, nalilaza, napima mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, napima kimo cha ukanda, naandika. Nne. Mbili. Moja na nusu. Moja. Moyoni nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya kumpa bosi: mzee hakukosea, namba ilipanda kwa sababu mimi nilipima mahali tofauti.

Alhamisi namba ikapanda. Mistari yote mitatu, palepale, kwenye kitanda chenye wivu. Mbili.

Nikaiweka kalamu chini. Ningependa kusema kwamba nilifikiria kuhusu sayansi, lakini nilifikiria kuhusu geti. Nilikuwa nimetengeneza kipimo kizuri zaidi ili kimtetee mtu, na kimemshtaki kwa ushahidi bora.

"Andika," mzee akasema.

"Nasubiri kidogo."

"Andika, mwanangu. Ukiificha hiyo, hata zile nzuri hazina kazi." Kisha akaomba kioo cha kukuzia, akalipeleka bomba mlangoni kwenye jua. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye uso uliokuwa uking'aa kama kijiko, akarudi nyuma, akapitisha tena. "Njoo uone. Wadudu."

Ndani ya kioo niliona matundu. Madogo, ya duara, yametawanyika kama vitobo vya juu ya chapati ya maji. Juma lililopita hayakuwapo. Hayakuwa makwaruzo ya msasa. Yalikuwa ndani ya chuma tangu kilipochapwa, viputo vilivyonaswa chini kidogo ya ngozi, na mkono wa mzee ulikuwa umeiondoa ngozi mpaka ukayafumua. Chuma hakikuharibika. Kilianza kutuonyesha kilivyokuwa. Na pipa halikuyaona kwa sababu lilikuwa linalamba vilele tu, halijafika kwenye ngozi.

"Kwenye mpingo ukikuta tundu la mdudu," mzee akasema, "una mambo mawili. Usimame kabla hujalifikia, au ulipite."

"Kusimama kabla tunapata moja. Wanataka chini ya hapo."

"Basi tunapita. Swali ni je, upande wa pili tutakuta bomba au tutakuta hewa?"

Hilo niliweza kulijibu. Nilikuwa na mchoro wa kiwanda, unaoonyesha unene mdogo kabisa unaoruhusiwa, na nilikuwa na ukanda. Matundu yalianza kutokea ukanda ulipokuwa juu kwa kiasi cha nywele mbili zilizolazwa pamoja. Mchoro ulituruhusu kwenda mara tatu ya hapo. Nilimwandikia kimo cha mwisho kwa chaki kwenye ukuta, na mstari mwekundu wa kutovuka.

Tulianza Ijumaa, tukaendelea Jumamosi, na wiki iliyofuata ikaenda hivyohivyo. Alirudi kwenye msasa mzito, ule ambao mtu anayependa namba nzuri asingethubutu kuugusa tena, kisha akashuka taratibu hadi msasa laini wa maji. Namba zilikwenda mbaya sana kwanza. Bosi alipita mara mbili, akaona tatu, akaona nne, akaguna. Mara ya tatu akasimama.

"Mnarudi nyuma nyie?"

"Tunapita, bosi," mzee akasema.

"Mnapita wapi?"

"Kwenye wadudu."

Bosi akanitazama kama anayetafuta mtu mwenye akili timamu chumbani. Nikampa kioo. Alikitumia muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Baada ya hapo hakuguna tena, ila alianza kuja kila asubuhi kuuliza ukanda umefika wapi.

Matundu yakaanza kupungua, yakawa machache, yakawa ya kutafuta. Jumatano jioni, kwenye mistari yote mitatu, sufuri nukta saba. Nikapima tena. Sufuri nukta saba. Ukanda ulikuwa chini ya mstari mwekundu, tena kwa nafasi ya kutosha. Mengine mawili na makoo yote matatu alikuwa akiyapitia sambamba, kwa hesabu ileile, na kesho yake akayamaliza. Alhamisi jioni mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, anakunywa chai kwa kushika kikombe kwa viganja kama mtoto.

Mkaguzi alikuja Ijumaa baada ya swala. Alikuwa mama wa makamo, hijabu ya kijivu, viatu vya mpira vya kiwandani. Hakutazama mng'ao. Alifungua karatasi zangu, akasoma ukurasa wa kwanza, akauliza:

"Mlipima wapi?"

Bosi akanitazama. Mzee akatazama dari. Nikaleta kitanda cha mninga, nikalaza bomba, likakaa kwa kishindo kidogo kile ninachokijua. Nikamwonyesha mistari mitatu, ukanda, siku ambayo namba ilipanda na kwa nini ilipanda. Sikufuta chochote, hata maneno yangu *ukingoni hapajamalizika* yalikuwapo, nimeyapiga mstari mmoja tu juu yake. Kisha nikampa ukurasa wa pipa, na ndani yake namba ya koo: kumi na moja.

Aliingiza kidole kwenye bomba la pipa, akakitoa. Akakiingiza kwenye la mzee. Akakiacha humo kidogo.

"Haya matatu nayachukua," akasema. "Yale pipa linaweza kuyaanza, lakini ndani mtu ayafanye. Na mtu huyo awe huyu."

"Ukanda tuuondoe, mama?" mzee akauliza. "Ni dakika tano."

"Uko nje, kwenye kitako, nyama haifiki. Uacheni. Yakirudi kwenu baada ya mwaka nataka pawe na pa kuanzia."

Alipoondoka, bosi alizunguka pipa mara moja, akalipiga kofi ubavuni kama ng'ombe aliyemtia hasara mnadani. "Sawa. Pipa nje, mzee ndani. Na kila kazi mpya ichongewe kitanda chake."

"Na getini, bosi?"

"Getini nitakaa mwenyewe. Si umesema kuna kivuli?"

Nimebaki pale. Vitanda vya mbao sasa vimejaa rafu nzima, kila kimoja na wivu wake, na kila kifaa kinachotoka kina ukanda wake usioguswa. Wahandisi vijana wanaokuja kujifunza huuliza jambo hilo limetoka wapi, nami kwa muda mrefu niliwajibu alivyonijibu mzee: mchongaji huacha kipande ili ajue alipoanzia. Sikulihoji jibu hilo, mimi niliyehoji kila kitu.

Mwaka wa tatu nilialikwa kwake Mbagala siku ya Idi. Juu ya kabati, pembeni ya televisheni, kulikuwa na sanamu moja ya mpingo, mwanamke aliyebeba mtungi, na kisigino chake kilikuwa cheupe. Nikamwambia mkewe kwamba kisigino kile ndicho kilichoiokoa karakana yetu. Akaniuliza kama mzee aliwahi kunisimulia kilivyoanza. Nikasema ndiyo, ilikuwa kawaida yake ya kujua alipoanzia.

"Kawaida gani," akasema, akicheka na kunisogezea sahani. Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka ile ya Mbezi Beach, binti mmoja mwanafunzi wa chuo alimwambia mbele ya wateja kwamba mpingo wake ni mti wa kawaida uliopakwa rangi ya viatu, na kwamba tangu siku hiyo mzee hakuuza sanamu hata moja bila kuacha ganda jeupe kisiginoni, ili mwenye shaka aone kwa macho yake mti unapogeuka kuwa mweusi.